Milimita za Cherehani

Mnadi wa samani kuukuu, watu walimwita Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza kwenda haukujua kituo. Kidonda kilipomtoka ubavuni mwa ulimi, alisingizia jino bovu. Akaling'oa. Miezi miwili ikapita: jino halipo, kidonda kipo.

Dada yake mkubwa, mwanamke asiye na subira wala breki, akamkokota hadi hospitali. Kikakatwa kinyama kidogo, kikapimwa, majibu yakaja: saratani.

"Lakini kenyewe kadogo hivi, kama punje ya mahindi!" Cherehani alimlalamikia daktari wa upasuaji.

"Hata msumari, ukitazama kichwa chake tu, ni mdogo," daktari akajibu. "La kujua ni umezama kiasi gani. Kadiri uvimbe unavyochimba chini, ndivyo hatari ya kufika kwenye tezi za shingo inavyozidi. Tutaukata, kisha tutapima kina chake."

"Wewe unakisia ngapi?"

"Sikisii."

"Basi nipe hata ya kuanzia."

Dada akamfinya paja. "Hapa si mnadani, wewe!"

Wakamkata. Kwa siku kumi akaamriwa asitoe hata neno moja. Mkewe alimpa daftari na kalamu; siku ya tatu daftari likajaa, akatafutiwa jingine. Majirani walikuja kumpa pole, ingawa wengine, Mungu awasamehe, walikuja kuuonja huo ukimya.

Siku ya majibu, zile siku kumi zikiwa hazijaisha, walibanana watatu kwenye benchi moja, yeye, mkewe na dada yake, goti kwa goti. Cherehani alikuwa na daftari magotini, kalamu tayari. Daktari akafungua faili.

"Kina ni milimita mbili tu, na pembeni tulikokata hakuna saratani iliyobaki. Kwa kina hiki matumaini ni makubwa. Ila utakuja kila mwezi tuuangalie ulimi, na shingo pia."

Cherehani akaandika upesi: "Hakuna moja na nusu?"

"Mbili," daktari akasema, akijizuia kucheka. "Haishuki."

Mkewe akacheka. Dada, ambaye hata msibani hakuna aliyewahi kumwona akitoa chozi, alilia mpaka nesi akamletea maji. Cherehani akafungua ukurasa mpya, akaandika polepole: "Dada, ahsante kwa kunikokota."

Dada akasoma, akajifuta kamasi kwa ncha ya mtandio.

"Hebu nyamaza," akamwambia.