Hereni ya Mugenyi

Gari la chuo kikuu lilifika Ijumbi asubuhi, umande haujakauka, likaegeshwa chini ya mparachichi ili kiti cha dereva kisipigwe na jua. Joackim, dereva, alishusha beseni la bluu, akamimina maji na dawa ya kuua vijidudu. Daktari Annastella Rweyemamu akachovya buti lake la kulia, kisha la kushoto, ndipo akaingia uani kwa Kokugonza.

Kokugonza alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani, ameshika kijikapu cha akamwani, ile kahawa inayochemshwa na maganda yake, ikaanikwa, ikawa ya kutafuna. Kwa Wahaya mgeni akitafuna punje mbili za kahawa hiyo ndiyo amefika. Asipotafuna amepita tu.

"Karibu akamwani, waitu," alisema, kwa lile neno la heshima la Kihaya.

"Asante sana, mama. Ila utaratibu wetu hauruhusu. Tukiwa kazini hatuli kitu kwa mkulima."

Daktari alikuwa mzaliwa wa Kanazi, na alijua vizuri anachokikataa, kwa hiyo alikikataa kwa adabu, kwa mikono miwili. Kwa hesabu ya kijikapu, basi, chuo kikuu hakikuwa kimewahi kufika kwa Kokugonza tangu utafiti wa mbuzi wa maziwa uanze. Kilikuwa kikipita.

Hata hivyo alikingoja. Mumewe, Protase, alikuwa amelala nyuma ya nyumba chini ya saruji. Mtoto wake, Wilbert, alikuwa Mwanza na alipiga simu mtandao ukiwa mzuri, na mtandao wa Mwanza una matatizo mengi. Shemeji yake, Mutembei, alikaa jirani kabisa, ng'ambo ya mstari wa miramula, mimea ya mpaka inayotenga vibanja vyao vya migomba. Baada ya matanga ukoo ulikaa, ukamwambia Kokugonza arudi kwao, kibanja kibaki kwa wenye nacho. Kokugonza alisema haendi. Tangu siku hiyo Mutembei hakuvuka miramula, wala watu wa nyumbani kwake. Walikuwa wakimsalimia kanisani, wakati wa kutakiana amani, kwa sababu padri anaangalia.

Kwa hiyo waliobaki walikuwa Daktari na mbuzi. Mbuzi alikuwa mweupe, mwenye hereni ya plastiki ya njano sikioni, namba 0417. Wafugaji walikuwa wameombwa wasiwape mbuzi majina, kwa sababu jina humfanya mfugaji aongeze chakula nje ya kipimo. Kokugonza alimwita Mugenyi, yaani mgeni, na alimwongezea chakula.

Siku hiyo Daktari alimpima Mugenyi uzito, akamfunua kope za chini kuona kama damu inatosha, akampapasa koo na mbavu. Kokugonza alisimama kando akiangalia ile mikono. Kabla ya kuondoka, Daktari alikumbusha jambo alilokuwa akilikumbusha kila mara: mbuzi akifa, kaya inatoka kwenye utafiti, na gari haliji tena.

"Umtunze, mama."

"Ego, waitu. Nitamtunza."

Mvua za masika zilipokolea Mugenyi akaanza kukohoa. Kokugonza alimpigia afisa ugani. Afisa ugani alikuwa Bukoba kwenye semina ya magonjwa ya mbuzi, akasema atapita semina ikiisha. Mugenyi alikufa semina ikiendelea. Kokugonza alimfunga kwenye gunia na kumzika kibanjani, karibu na mgomba ambao Protase alikuwa akiupenda, na wakati wa kumfunga aliona kwamba sikio lina tundu lakini hereni haimo. Alidhani imeanguka bandani. Alilia kidogo, kwa ajili ya mbuzi kwanza, halafu kwa ajili ya gari.

Asubuhi iliyofuata, akinawa uso, aliigusa. Ilikuwa sikioni mwake, upande wa kushoto, pini imepita na kufungwa barabara. Hapakuwa na damu wala uchungu. Alichukua kioo cha Protase cha kunyolea, akasoma namba kinyumenyume. Ilikuwa 0417. Alisugua plastiki kwa sabuni hadi ikang'aa, kisha akaenda kupalilia maharage.

Watu waliipokea vizuri. Wanawake wa jumuiya walisema hereni ya namna hiyo ina faida, haipotei kama zile za dhahabu. Padri, akimpa komunyo, aliinamisha kichwa kidogo asome namba. Wilbert alipiga simu mtandao ukiwa mzuri, akasikiliza habari yote.

"Wamekupa namba? Safi, mama. Itunze, siku hizi bila namba hupati huduma."

Usiku wa kuamkia siku ya gari kurudi, Kokugonza hakulala. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba Daktari ataangalia banda, ataona liko tupu, atafunga jalada lake na kusema pole. Lilipofika alisimama uani na kijikapu chake, akageuza upande wa kushoto wa kichwa kuelekea njiani.

Daktari alichovya mabuti, akaingia, akasoma hereni.

"Sifuri nne moja saba. Yupo," alimwambia Joackim. "Leta mzani."

Walitundika mzani kwenye tawi la mparachichi, wakampitisha Kokugonza mkanda chini ya makwapa, wakamwinua. Aliona paa la Mutembei kutoka pale juu, na moshi wa jikoni kwake. Walipomshusha, Daktari alimfunua kope za chini, akampapasa koo, akateremka kwenye mbavu, polepole, moja baada ya nyingine. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa Kokugonza hivyo tangu Protase. Alifumba macho ili kazi isiishe haraka.

"Mfugaji yuko wapi?" Daktari aliuliza, kwa sababu maswali huulizwa mfugaji.

"Ni mimi."

"Sawa. Anakula vizuri?"

Kokugonza alifikiri. "Jioni anajitahidi. Asubuhi hana hamu."

"Tangu lini?"

"Tangu Protase afariki."

"Anatoa sauti usiku?"

"Zamani alikuwa akitoa. Siku hizi ameacha."

"Analala na nani?"

"Peke yake."

Daktari aliacha kuandika. Hapo alikuwa kwenye somo lake, na sauti yake ikawa ile ya darasani, yenye joto. "Hilo ndilo tatizo, mama. Mbuzi si mnyama wa kukaa peke yake. Ni mnyama wa kundi. Ukimtenga anaacha kula, anakonda, anaugua kwa kitu kidogo tu. Tumeandika makala nzima kuhusu hilo. Mtafutie mwenzake. Ukikosa, basi angalau alale mahali anaposikia wenzake."

"Nyie hamwezi kumtafutia?"

"Sisi tunatoa ushauri tu. Utekelezaji ni wa mfugaji."

Kokugonza aliitikia. Kisha, kwa mazoea, akanyoosha kijikapu. Safari hii Daktari alichukua. Alichagua punje mbili nzuri, na Kokugonza, kwa furaha, akaanza kutafuta neno la kumkaribisha mtu aliyefika kweli. Daktari akatoa mfuko mdogo wa plastiki, akazitia punje humo, akaubana mdomo, akaandika juu yake 0417, lishe ya ziada.

"Tutaipima maabara," alisema. "Asante kwa ushirikiano."

Gari liliondoka. Kokugonza alibaki na kijikapu hadi vumbi likatua, kisha akakirudisha ndani.

Ushauri wa daktari, hata hivyo, ni ushauri. Jioni alijitanda kitenge, akavuka miramula kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano wa ukoo. Mutembei alikuwa uani akikatakata matete ya mbuzi. Aliangalia hereni muda mrefu kuliko alivyomwangalia mwenye nayo.

"Muka Protase," alisema, yaani mke wa Protase. "Kuna nini?"

"Daktari wa chuo amesema nisikae peke yangu. Nilale ninapowasikia wenzangu."

Mutembei aliuheshimu utaalamu. Aliwahi kupuuza ushauri wa kahawa, mibuni ikamkaukia, na hakutaka kurudia kosa. Alifuta panga, akafikiria, akatazama nyumba yake yenye taa, ambamo mke na watoto walikuwa wanamenya ndizi na kubishana kuhusu jambo fulani la redioni. Kisha akatazama upande wa pili wa ua.

"Nafasi ipo," alisema.

Akaingia kwenye banda la mbuzi, akawasogeza majike wawili, akafagia kona, akatandika nyasi kavu, nyingi, kwa moyo mmoja kabisa. Akaziweka sawa kwa mkono ili zisimchome. Halafu akafungua mlango wa fito na kumpisha.

"Karibu," alisema.

Lilikuwa neno ambalo Kokugonza hakuwa amelisikia upande ule wa miramula kwa muda mrefu, akalipokea. Aliinama, akaingia, akakaa kwenye nyasi. Majike walimnusa sikio, wakarudi kucheua. Ukutani, upande wa jikoni, alisikia sahani zikipangwa, Mutembei akinawa mikono, mtoto akiuliza kama mama mkubwa atakula, na baba yake akijibu kwamba matete yapo ya kutosha.

Kulikuwa na joto mle ndani. Kesho yake asubuhi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Kokugonza aliamka na njaa.