Kichwa cha Nyumba

Nyumba mpya ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomchoma Yevdokha. Magogo yake ya msonobari yalikatwa wakati wa baridi, miti ikiwa imelala, yakamenywa kwa mkono mpaka yakapata rangi ya asali. Kila gogo lilichongwa tumboni likalie mgongo wa mwenzake, na katikati kukashindiliwa kuvumwani kavu, mimea laini kama sufu, kutoka msituni. Msumari hata mmoja hamna. Kila alipopita hapo, kiganja chake kilijipeleka chenyewe ukutani. Kisha akikumbuka, hukitoa upesi.

Maana nyumba ya magogo haisimami bure. Milima yote ya Karpati inajua: fundi akipiga shoka la kwanza, hutaja kimoyomoyo kichwa ambacho nyumba itasimama juu yake, kiwe cha mtu au cha mnyama, na mwenye kichwa hicho hamalizi mwaka. Na jioni ya kuamkia shoka la kwanza, Yevdokha alimwona mkamwana wake Kalyna akichepuka kwenda kwa fundi Tanasi, chupa kwapani na jibini ndani ya kitambaa. Mtu mwenye nia safi achepuke kwa nini? Na kichwa gani kingemfaa mke wa mwana, kama si cha mama mkwe?

Basi nyumba ilipokamilika, mwanawe Lukien akahamia na mkewe, Yevdokha akang'ang'ania kibanda cha zamani kilichoinama upande mmoja na kujaa moshi.

"Mama, theluji hiyo inakuja," Lukien alimwambia. "Kibanda hiki kitakuangukia."

"Heri kiniangukie hiki ninachokijua."

"Kalyna amekutandikia karibu na jiko."

"Karibu na jiko au karibu na kaburi? Kamuulize mkeo alipeleka nini kwa Tanasi."

Lukien alikuna kichwa, akaenda zake. Mwanamume aliyebanwa kati ya mama na mke ana ujasiri gani?

Nje nako Yevdokha hakunyamaza. Kisimani alisema, kanisani alisema, na kijiji kikapokea kama kawaida yake: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kalyna akimletea ugali wa mahindi, bibi alimwekea mbwa mbele ya macho yake, akasubiri kuona kama atakufa. Mbwa hakufa. Alinenepa.

Kisha ng'ombe wa Kalyna, yule aliyekuja naye kutoka kwao siku ya harusi, akaanguka malishoni, akafa. Alikuwa ng'ombe wao pekee wa maziwa. Kalyna hakutoa hata chozi.

"Jicho kavu vile," Yevdokha aliwaambia majirani. "Kama hamlilii huyo, atanililia mimi?"

Theluji ya kwanza ilipopenya dari na kumwangukia kitandani, uvumilivu ulimwisha. Alijifunga shuka la sufu, akamfuata Tanasi alikokuwa akimjengea mtu mwingine.

"Fundi, nitazame usoni. Ulinitaja mimi?"

Tanasi alilikita shoka kwenye gogo. "Bibi, mambo hayo hayasemwi."

"Yaseme! Mimi ni mzee, ukingoni nimeshafika. Nataka tu kumjua anayenisukuma."

"Akusukume nani, bibi wewe?" Tanasi alikasirika kweli. "Mkamwana wako alikuja analia. Akaniambia, 'Fundi, isipotajiwa kichwa, nyumba hujichagulia, na huanza na aliye mzee kuliko wote. Sitaki imchukue mama. Mtaje ng'ombe wangu.' Nikamwambia, taja kuku, mwanangu, yatosha. Akasema kuku ni mdogo, nyumba isije ikadai tena. Nami nikamtaja ng'ombe. Haya, ng'ombe yuko wapi leo?"

Yevdokha alikaa kitako juu ya maganda ya miti. Aliona aibu, aibu ya kumvua mtu nguo, na akatamani angekuwa ametajwa yeye.

Mchana ule ule alikwenda kwenye nyumba mpya. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya utomvu. Kalyna alikuwa akisonga ugali. Alipomwona, aliuacha mwiko, asimkaribishe wala asimfukuze.

"Umekuja kwa heri, mama?" aliuliza polepole, na macho yake yalikuwa yakipekua mikono ya mama mkwe, nguo zake, uso wake.

Yevdokha alitaka kusema nisamehe. "Nyumba inanukia vizuri," ndiyo aliyoyaweza.

Kalyna alimimina kikombe cha maziwa aliyoyaomba kwa jirani. Hakumpa. Alipiga funda moja yeye kwanza, akalimeza huku amemkazia macho, akangoja kidogo. Ndipo akamsogezea.

"Sasa kunywa, mama. Hamna kitu."

Yevdokha alikishika kikombe kwa mikono miwili, na maziwa yakakataa kushuka.