Kamba ya Kibanda

Moshi wenyewe Naisimoi aliuona. Alichokosa kuona ni moshi wa nini. Ulipanda upande wa mashamba ya Wazigua, mweusi na mzito kuliko wa majani makavu. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia, watu walikuwa wakichoma mashamba, na akili yake yote ilikuwa kwa mbuzi. Msimu wa kuzaa ulikuwa umekolea. Kila kulipokucha alimkuta jike mwingine amejitenga pembeni mwa boma, na kando yake mtoto mwenye ute akijaribu kusimama.

Watoto hawakupelekwa malishoni. Jua la nyika lingewaua. Walishinda katika kibanda cha fito kilichokandikwa samadi, wakingoja mama zao warudi jioni. Siku nyingine Naisimoi alipitisha kamba mlangoni mara moja tu. Wiki ile mbweha alikwisha kumwonja mmoja, kwa hiyo asubuhi hiyo akaizungusha kamba tena na tena, akaikaza kwa goti, ndipo akaondoka na kundi.

Mgambo walimkuta malishoni jua likiwa la utosi. Walilizingira kundi, wakaligeuza kuelekea kijiji kipya. Dunstan, katibu wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, kijana wa sauti ya upole, alikuja mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamweleza kwamba vyombo vyake vimeshapakiwa kwenye lori, na kwamba mumewe Parsimei, aliyekuwa mtoni na ng'ombe, angefuatwa na wengine.

"Watoto wa mbuzi wamebaki kibandani, mwanangu," alisema Naisimoi. "Niache nikawafungulie."

"Amri ni kwenda mbele, mama. Nikimruhusu mmoja arudi, kesho wote mko porini."

"Basi nipe mgambo anisindikize. Nimefunga kwa kamba. Hawawezi kutoka."

Mgambo mmoja akauliza kama hao watoto nao wamekatiwa viwanja. Wenzake wakacheka. Dunstan hakucheka.

"Boma limechomwa, mama, kama nyumba za Wazigua. Ni kusudi msije mkashawishika kurudi."

"Na kibanda?"

Dunstan akamtazama yule mgambo mwenye mzaha. Yule akageuka, akaanza kuwaswaga mbuzi.

Jioni, saa ya kunyonyesha, majike walizunguka zizi la kijiji wakiita. Waliita, wakanyamaza kusikiliza, wakaita tena. Viwele vilipoanza kuvimba, Naisimoi aliagizwa kuwakamua, kwani mbuzi sasa walikuwa mali ya wote. Akakamua. Maziwa yakajaza ndoo za shule, yakabaki na ya ofisi.

Baadaye akaja mgeni kutoka wilayani. Alikunywa kikombe kizima, akajifuta mdomo, akasema hajawahi kuona mbuzi wa nyika wakitoa maziwa kiasi kile. Huo ndio umoja, akasema. Watu wakapiga makofi. Dunstan akamtazama Naisimoi, kwa upole uleule, mpaka naye akapiga.

Msimu uliofuata mbuzi walizalia katika zizi la kijiji, na Naisimoi akakabidhiwa watoto wao. Kibanda alijengewa kipya, na kamba akapewa. Hafungi mlango. Mbweha huja kuchagua, na kila asubuhi Naisimoi huitwa ofisini kueleza sababu.