Vichujio vya Katikati

Mdogo wangu ana kazi ambayo mama yetu hajaielewa mpaka leo. Mimi nililazimika kuielewa, maana pumzi ya mume wangu ilikuwa mikononi mwake. Anaendesha mashine ya plazma. Ni sanduku la chuma, kubwa kama tanuri la mikate, lenye kidirisha. Unapanga ndani vichujio, visahani vyeupe vya plastiki vyenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Unanyonya hewa yote, unaingiza gesi kidogo, unapitisha umeme, na gesi inawaka rangi ya zambarau. Kichujio kikitoka humo kinapitisha hewa lakini kinakataa kimiminika. Ukimuuliza kwa nini, atakuhutubia mpaka chai ipoe, ndiyo maana wenzake wanamwita Mhubiri.

Mume wangu ni fundi rangi za magari. Miaka yote hiyo alipuliza rangi bila barakoa, na nikisema naambiwa, "Mke wangu, rangi ndiyo chakula chetu." Haya, chakula kikamla yeye. Sasa kifua chake kinajaa maji. Hospitali ikatupa mashine ya kufyonza tukae nayo nyumbani. Mrija unatoka ubavuni, maji yanaingia kwenye chupa, na kati ya chupa na mashine kinakaa kichujio cha mdogo wangu. Hewa ipite, maji yabaki. Maji yakipita mashine inakufa, na mashine ikifa mume wangu anazama akiwa kitandani kwake. Nesi aliyetukabidhi hakutuficha: stoo hakuna nyingine.

Ilikufa asubuhi, mimi nafua. Ilikohoa, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Nilipochomoa mrija wa upande wa mashine, maji ya rangi ya chai yakanimwagikia miguuni. Nikapiga simu kiwandani na kumtukana mdogo wangu matusi ya nguoni, kumbe aliyepokea ni bosi wake.

Mhubiri akaja mbio na aproni yake.

"Dada, haiwezekani. Kila trei tunapima."

"Mnapima kwa kitu gani? Kwa macho?"

Akatoa kichujio kwenye pakiti aliyotuletea mwenyewe, akakidondoshea tone la maji. Tone likasimama juu, duara, halizami. "Umeona?"

"Kwani shemeji yako kifuani ana maji ya bomba?" Maji ya kifua yana utelezi, na kila siku chupani tunatia dawa ya kuua wadudu. Nikachukua spiriti ya kusafishia kidonda, nikaimimina juu ya kichujio kile kile. Ikazama, ikatokea chini, ikalowesha kitambaa cha meza.

 Kumwona Mhubiri kimya kulinitisha kuliko mashine. Akapapasa mfuko wa aproni, akatoa kichujio kingine, kibichi, ambacho hakijaingia kwenye plazma hata kidogo. Akakidondoshea maji. Tone likasimama vilevile.

"Mungu wangu," akasema. "Plastiki hii inakataa maji tangu kuzaliwa kwake. Plazma tunaitia ili ikatae na vimiminika vingine. Tulikuwa tunapima plastiki, dada. Kazi yetu hatukuipima."

Nikamwambia aeleze kwa Kiswahili cha watu. Akakaa chini sakafuni. Kazi ilikuwa imezidi, bosi akataka vichujio visitandazwe tena kwenye trei, virundikwe kimoja juu ya kingine ili viingie vingi kwa mkupuo. Plazma ikavigusa vya juu na vya chini. Vya katikati vikatoka kama vilivyoingia, na kwenye kipimo cha maji vyote vikafaulu.

"Na sisi tukaangukiwa na vya katikati," nikasema. "Kweli maskini hana bahati."

"Si bahati." Hakuweza kunitazama. "Nilikuchagulia mimi. Vya juu vinashika vumbi mlango ukifunguliwa. Nikasema shemeji yangu apate visafi."

Mkono wangu ulishainuka. Ningempiga, wallahi ningempiga, ila mume wangu aliita kutoka kitandani, neno moja moja, akivuta hewa katikati: "Mwache. Mhubiri... leo... kapotelewa na aya." Tukacheka wote watatu, halafu nikaenda uani kulia.

Bosi aliposikia akakubali vitandazwe kuanzia siku ile. Kuhusu vilivyokwisha kutoka, alisema atakayelalamika atabadilishiwa.

Mimi nikaenda hospitali. Nesi akaniambia mashine hurudi mgonjwa aliye nayo akiondoka.

"Akipona?"

"Akiondoka," akasema, na akaendelea kukunja mashuka.

Nikarudi nyumbani nikaomba dua. Sitaki unafiki: niliomba mtu afe. Niliomba awe mzee, awe amechoka, awe ameshaagana na wanawe, lakini afe upesi. Mume wangu alikuwa halali tena ila kwa kukaa, mito mgongoni, midomo imemgeuka rangi. Hospitali walimtoa maji kwa sindano, yakajaa tena. Mhubiri akaleta pakiti mpya, akamimina spiriti juu ya kichujio, nayo ikasimama matone matone. Alitaka nimsifu. "Sasa hicho tukifunge kwenye mashine gani?" nikamuuliza. Akaiacha pakiti kando ya kitanda, akaenda kazini.

Kisha nesi akapiga simu. "Njooni, imerudi moja."

Nilikimbia na kanga ya jikoni. Mhubiri, niliyempigia simu njiani, alinikuta getini, na njia nzima ya ukumbi nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti, watu wananitazama. Kwenye benchi nje ya stoo alikaa msichana mwenye macho mekundu, na mashine ilikuwa mapajani mwake, imefutwa vizuri, waya umekunjwa na kufungwa kwa utepe.

"Ilikuwa ya baba," akasema. "Tumemzika jana. Ilizimika yenyewe tu, tukadhani ni umeme."

Mhubiri akaipokea kwa mikono miwili, akaiinamisha kidogo. Ndani maji yakacheza, chubwi. Akafungua kifuniko, akatoa kichujio, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni kilikuwa na alama ya kiwanda chao. Akakikunja ndani ya ngumi, uso umemsawijika.

Nilielewa kabla hajasema neno. Mtu niliyemwombea kifo alikuwa amekufa, tena kwa vichujio vilevile, na mashine yake ilikuwa imejaa maji na kufa kama yetu.

Msichana akasimama, akajifuta pua kwa kiganja. "Mgonjwa wenu ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Itamfaa, mama?"

"Itamfaa, mwanangu," nikamwambia. "Baba yako kaniokolea mume."

Akanikumbatia, akalia begani kwangu kwa furaha, nami nikamshikilia.