Meno ya Bwana Uhamiaji

Kengele ya mlangoni ilipolia mara mbili, fundi alizima mashine ya kung'arishia, akachukua miwani yake na kikombe chake cha chai, akaingia stoo. Mara moja ni mgonjwa. Mara mbili, mlio wa pili ukipigwa na Daktari, ni mtu wa serikali. Alikaa juu ya gunia la plasta, magoti yakigusa mlango, akasikiliza.

"Meza hii ya nani?" mkaguzi aliuliza.

"Yangu," Daktari alijibu. "Meno bandia natengeneza mwenyewe, wagonjwa wakiisha."

"Unang'oa wewe, unaziba wewe, unatengeneza wewe. Kwani una mikono mingapi?"

Wakacheka wote wawili. Ndani ya stoo fundi alibana pua. Vumbi la plasta lilikuwa limemkaa kooni miaka minne, na kwa miaka hiyo alikuwa amejifunza kumeza chafya kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Alikuja nchi hii akiwa mke wa mtu. Kadi yake ya ukaazi ilisema hivyo: mtegemezi. Chini yake, kwa herufi ndogo: haruhusiwi kuajiriwa. Mumewe alikuwa fundi wa lifti na kibali chake kilikuwa halali, lakini mshahara mmoja haukuwatosha watu watatu, na Daktari alikuwa na kazi nyingi na chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Wakaelewana. Akamlipa nusu ya mshahara wa mwenyeji, na wote wawili wakaona wamesaidiana.

Kisha mume akafa, ghafla, kifua tu, asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Karani wa uhamiaji aliikagua kadi ya mjane, akaigeuza, akasema bila ubaya wowote, "Mama, marehemu hategemewi." Akampa miezi sita abadilishe kadi iwe kibali cha kazi, au aondoke.

Fomu ilitaka mambo matatu. Cheti cha ufundi: alikuwa nacho, cha kwao, kimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Barua ya mwajiri anayemhitaji: Daktari alimhitaji kuliko sindano zake za ganzi. Na ushahidi kwamba ameifanya kazi hiyo katika miaka mitatu ya karibuni. Yeye alikuwa na minne. Yote ilikuwa stoo.

"Niandikie barua," alimwambia Daktari baada ya mkaguzi kuondoka. "Sema nimefanya kazi kwako."

"Dada yangu, hiyo si barua, ni kamba. Nikiiandika najinyonga mwenyewe, na wewe unaning'inia pembeni."

"Basi utaandika nini?"

"Kwamba nimekutafuta, nimekufanyia usaili, nimeridhika."

"Na miaka yote hii nilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Unalea mtoto."

"Aliyekaa nyumbani miaka minne, ujuzi wake wa karibuni ameutoa wapi?"

Daktari alivua glavu, kidole kimoja kimoja. "Sheria hatukuitunga mimi na wewe," alisema. "Enda ukajieleze vizuri. Una uso wa heshima."

Binti yake, mwenye miaka kumi na mitano, ndiye aliyeijaza fomu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mama. Mtihani wake wa kumaliza shule ulikuwa wiki saba mbele. Ratiba aliibandika ukutani juu ya kitanda chao, na kila somo alilomaliza kulipitia alilizungushia duara.

"Wakitunyima je?" aliuliza.

"Kwa nini watunyime? Tumeiba?"

 Binti alichora duara kwenye jiografia.

Afisa aliyempokea alikuwa mtu mzima mchangamfu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Alisoma jalada lote bila haraka, jambo ambalo fundi hakulitarajia, na moyo wake ukapata tumaini.

"Cheti ni kizuri," alisema afisa. "Mwajiri ni mzuri. Namjua hata, ndiye daktari wangu mimi. Lakini mama, miaka minne mikono mitupu! Ufundi ni kama kisu, usipokinoa kinapata kutu."

"Sijapata kutu, mzee."

"Nitajuaje? Nipe kitu kimoja tu. Kazi moja ya mikono yako niione kwa macho."

Akatabasamu kumtia moyo. Fundi akayaona meno yake.

Jino la pili la kushoto lilikuwa limempanda jirani yake kidogo, kama mtu anayechungulia juu ya bega la mwenzake. Jalada namba mia mbili na kumi na mbili, kule kwa Daktari. Mteja aliyekataa seti mbili za mafundi wengine. Jina fundi hakupewa, namba tu, na picha ya zamani ya kijana anayecheka. Aliitazama picha ile siku tatu kabla ya kugusa nta. Mafundi wengine walimnyooshea meno kama uzio. Yeye alimrudishia kasoro yake.

"Mfano mimi," afisa aliendelea, akigonga meno kwa ukucha. "Haya si yangu. Umejua?"

"Sikujua."

"Hakuna anayejua! Mke wangu alilia alipoyaona, akasema nimerudi. Kazi ya Daktari mwenyewe, mwananchi wa hapa hapa. Sasa niambie, tukiwa na mikono kama ile, tuwalete wageni wa nini?"

Neno lilimfika fundi ulimini. *Ni yangu.* Maneno mawili. Akayahesabia gharama yake pale pale: kufanya kazi bila kibali, mahabusu, kusafirishwa akiwa na pingu, na binti kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu katikati ya kipindi. Akafunga mdomo.

"Linakuchoma kushoto, nyuma," alisema badala yake.

Afisa aliacha kugonga. "Nani kakwambia?"

"Unatafuna shavu ukisoma."

Afisa alilipapasa shavu lake. Kisha akavuta muhuri. "Nakupa siku thelathini za kufunga mizigo. Utaomba tena ukiwa kwenu."

"Mwanangu ana mtihani siku ya arobaini na mbili, mzee. Niongeze kumi na mbili. Hapo ndipo anaanza, somo moja kwa siku... niongeze hata wiki tatu."

"Mama, mimi siyo duka."

Siku ya tano kati ya zile thelathini, kengele ililia mara mbili. Fundi alichukua miwani na kikombe, akaingia stoo. Alisikia kiti cha wagonjwa kikishushwa, maji yakimiminwa. Kisha mlango wa stoo ukafunguka upana wa kiganja, na mkono wa Daktari ukapenya na karatasi ya kufutia, ndani yake meno.

"Kushoto, nyuma. Punguza kidogo," alinong'ona. "Fanya haraka, ana kikao saa nane. Ukijua ni nani, utacheka."

"Namjua."

Mkono ukabaki pale kidogo, kisha ukatoka. Mlango ukarudi.

Yalikuwa bado na joto la mdomo. Aliyaweka gotini, akapitisha kidole gumba hadi alipokuta mahali penye ncha, padogo kama punje ya chumvi. Tupa alikuwa nayo mfukoni. Upande wa pili wa mlango afisa alikuwa akisema kitu, anataka kuchekesha, lakini maneno yalitoka laini bila kingo, kama ya mtoto mchanga, na Daktari ilibidi amuulize mara mbili.

Mwanga ulipita kwenye ufa, mstari mmoja, ukaangukia lile jino linalochungulia.

Fundi alianza kupiga tupa, polepole, ili sauti isisikike nje. Unga wa rangi ya ufizi ukamwagikia sketi yake. Ulipompanda puani, akameza chafya, akaendelea.