Mshauri wa Juu ya Duka la Vipuri

Mdogo wangu hufanya kazi mdomo umejaa misumari. Ndivyo walivyo mafundi makochi wa kizamani: mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo, na ile misumari midogo inakaa mdomoni, ulimi unaisogeza nje mmoja mmoja. Kwa hiyo karakana yetu ina msemaji mmoja tu, ambaye ni mimi. Yeye anapigilia, mimi niko kwenye cherehani nashona vitambaa vya mito, na nikimuuliza kitu ananijibu kwa kuguna. Guno fupi maana yake ndiyo, guno refu maana yake "dada, hebu niache." Tumeishi hivyo miaka na miaka na sijawahi kulalamika. Nikitaka wa kubishana naye, wateja hawakosekani.

Ila mtu akianza kuguna mpaka nyumbani kwake, hapo kuna jambo.

Yeye na mkewe walisubiri mtoto mpaka majirani wakachoka kuwauliza. Siku mtoto alipozaliwa nilicheza korido nzima ya hospitali, mlinzi akaniomba kwa adabu nikae chini. Alikuwa wa kiume, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha watu, nikambandika jina la Bosi hapo hapo. Baba yake alisimama ukutani, akamtazama kwa mbali, akasema, "Mzuri," kisha akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Nikasema moyoni, maskini, amechoka.

Haukuwa uchovu. Bosi alikaza shingo, akajua kucheka, akajua kunyonya kidole cha mguu, na baba yake bado hajamshika hata mara moja. Kila akipewa ana udhuru: leo mikono ina gundi, kesho nguo zina vumbi la mbao, keshokutwa ana mafua. Mafua gani hayo yasiyo na kamasi? Alikuwa anatoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala. Chakula anakiangalia tu. Amekonda, suruali inashikiliwa na mkanda peke yake.

Wifi yangu si mtu wa kelele. Alivumilia, mpaka siku moja akiwa anamkogesha mtoto akaniambia bila kuniangalia, "Wifi, mdogo wako hampendi huyu mtoto. Mimi naweza kuvumilia mengi, lakini hilo hapana. Mwezi ukiisha narudi kwetu na mwanangu."

Nilifura. Nikaenda karakana moja kwa moja nikamtolea uvivu mdogo wangu. Nilimwambia mke kama yule hapatikani tena, nikamwambia mtoto si kochi la mteja la kuegemezwa ukutani, nikamuuliza anaumwa wapi. Akaguna, lakini guno lenyewe sikuwahi kulisikia, halikuwa fupi wala refu, na macho yake yakajaa machozi. Hasira ikaniishia pale pale. Nilimlea huyu tangu anatambaa, na nikiona anaumwa najua. Sasa nilikuwa naona anaumwa, na sikujua pa kumpaka dawa.

Basi nikaanza kutafuta mtu wa kumsaidia, na kutafuta huko nako kulikuwa kichekesho. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mpole, mshauri wa watoto wa shule, ofisi yake imejaa midoli. Aliniambia mwenyewe kwamba wanaume wazima yeye hawawezi. Wa pili alikuwa kijana wa kuhamasisha watu, suti imembana, akaniambia mwanamume halisi halii, anaunguruma. Kisha akaunguruma kweli ili nielewe. Niliaga kabla hajarudia. Wa tatu alikuwa na vyeti ukuta mzima, ila akataka mgonjwa aje ajieleze tangu utotoni, wakitazamana ana kwa ana. Mtu wangu mimi hata salamu huitoa kwa shida! Nikashika tama barazani kwa yule wa tatu, nikaona nimekwama.

Aliyenikwamua ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Nilimsindikiza wifi kumpeleka Bosi chanjo, muuguzi akauliza kama baba hajambo, wifi akainamisha kichwa. Muuguzi akanivuta pembeni.

"Dada, akina baba nao huugua mtoto akizaliwa. Sisi tunampima mama, tunampima mtoto, baba tunamwacha kwenye benchi. Yupo mshauri wa afya ya akili anayeshughulika na wanaume tu. Ofisi yake iko juu ya duka la vipuri vya magari."

"Mbona amejificha huko?"

"Nenda tu, utaona mwenyewe."

Nilikwenda. Pembeni ya duka kuna ngazi nyembamba, na juu yake chumba cha kusubiria. Wanaume wamekaa kimya, na kila mmoja ameshika kipuri. Mmoja ana kioo cha pembeni, mwingine taa ya nyuma, mwingine plagi moja tu ameikumbatia kwa viganja viwili. Mzee mmoja mwenye mvi amepakata feni ya rejeta kama mjukuu wake. Mtu akiwaona wanashuka pale, atajua walifuata vipuri tu. Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia.

"Cheka tu, mama," akasema yule mzee. "Mimi hata gari sina."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikapata pa kukaa.

Mshauri alikuwa mtu mfupi wa makamo, amevaa kandambili, sauti yake ya upole. Nilimwita daktari, akasema yeye si daktari, nimwite mshauri. Nilimweleza yote, na mpango wangu juu: ningemwambia mdogo wangu kuna mteja ana kochi bovu, nimlete mpaka pale, mlango ufungwe.

"Hapana," akasema. "Usimlete kwa hila. Mtu aliyeletwa kwa hila anakaa kwa hila. Mwambie ukweli, akitaka atakuja."

Nikaitikia vizuri, nikamshukuru, nikashuka ngazi.

Na ukweli nilimwambia, Mungu ni shahidi yangu. Nilimwambia Jumatatu akaguna, nikamwambia Jumanne akahamia na kazi yake nje, Jumatano nilipofungua mdomo tu akaongeza misumari mdomoni. Huku mwezi unakwenda mbio, na wifi ameanza kukunja nguo za mtoto. Nilikosa usingizi kwa kumwazia mdogo wangu amebaki peke yake katika nyumba ile. Basi nikaona mshauri anisamehe.

"Kuna mteja kochi lake limebonyea," nikasema Alhamisi. "Anataka ulione huko huko kwake."

Akabeba sanduku la zana, tukaenda. Tulipopita chumba cha kusubiria, wale wanaume wakalitazama lile sanduku kwa heshima kubwa.

"Huyu amejipanga," mzee wa feni akanong'ona.

Mshauri alipotuona akaelewa papo hapo. Alinipiga jicho moja ambalo mara ya mwisho nilipigwa na mwalimu wa shule ya msingi. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Karibu, fundi. Kabla hujafungua sanduku nikwambie ukweli. Kochi langu ni zima. Dada yako ana wasiwasi na wewe, ndiyo maana amekuleta. Kazi yangu ni kuwasikiliza wanaume. Ukitaka kuondoka, mlango uko wazi, na wala sitakufikiria vibaya."

Mdogo wangu alinitazama, na sitaki kueleza alivyonitazama. Akageuka. Mguu mmoja ulikuwa tayari umeshatoka nje. Nikasema basi, nimeharibu, nimemkosa, na wifi naye anaondoka. Ndipo akasimama.

"Umesema kochi gani ni zima?"

"Hili hapa," mshauri akajibu.

"Hili?" Akarudi. Akalikalia, akainuka, akalikalia tena, akalikandamiza kwa goti. "Nani amekudanganya? Mikanda yote ya chini imelegea. Hii springi imefungwa kwa kamba ya kiatu! Mtu anakuja na shida zake za moyo, unamwongezea na za mgongo?"

Tangu mtoto azaliwe sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Na kabla mwenye kochi hajaruhusu, kochi likawa limepinduliwa, miguu juu.

Hapo nikamjua mshauri. Mwingine angesema, fundi, tuache kochi, tuzungumze. Huyu alikunja mikono ya shati, akaketi sakafuni, akauliza, "Nishike wapi?"

"Shika mkanda hapa. Vuta. Usiangalie mimi, angalia mkanda."

"Dada," mshauri akasema, naye macho yake yako kwenye mkanda, "utusubiri nje."

Nikakaa nje na wenye vipuri. Nyundo ikawa inagonga, na nyundo ikigonga najua mdomo umejaa. Ikagonga, ikanyamaza. Ikagonga kidogo, ikanyamaza zaidi. Halafu haikugonga tena. Nikasikia sauti ya mdogo wangu. Maneno siyapati, ila sauti inaendelea na kuendelea. Kisha sauti ikakatika ikawa kilio. Nilinyanyuka mbio kuelekea mlangoni.

"Kaa, mama," mzee wa feni akasema. "Sote tumelia mle ndani. Ukiingia utamkatisha."

Nikakaa. Nikalia na mimi, maana sikuwa na kazi nyingine. Mwenye plagi akanipa kitambaa chake kilichonuka petroli, na sijapata kupewa kitambaa kizuri kama kile.

Mdogo wangu alitoka macho mekundu na shati limejaa vumbi la sponji. Nilimsubiri anifokee.

"Nina njaa," akasema.

Alikula sahani mbili, mimi namtazama tu kama sinema. Hakuniambia kilichosemwa mle ndani, na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe, na iliyofuata tena. Kochi lilishapona siku nyingi, lakini sanduku la zana hakuliacha, kwa sababu ya majirani.

Kisha ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mchana kweupe, mimi nimempakata Bosi, wifi anafunga begi, hatusemeshani kwa sababu tukisemeshana tutalia. Mdogo wangu akaingia. Hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni karibu na begi, akaanza kuongea huku ameshika zipu yake.

"Siku ile ulipokuwa ndani, daktari alitoka akaniambia hali ni ngumu, huenda tusiwapate wote wawili. Dada alikuwa amefuata chai, hakusikia. Hakuna aliyeniambia nichague. Lakini mimi moyoni nilichagua. Nilisema, Mungu, nibakishie mke wangu. Nikamtoa mwanangu hata sura yake sijaiona. Halafu akatoka mzima, ananiangalia. Sasa ningemshika kwa mikono gani?"

Nilimkumbatia Bosi kwa nguvu mpaka akalalamika. Miezi yote ile nilikuwa nafikiri ni ubaridi wa moyo, kumbe moyo ulikuwa umejaa pomoni.

Wifi aliliachia begi. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, machozi yanatiririka na kicheko hakikomi.

"Wewe mwanamume wewe! Unajua mimi mle ndani nilikuwa nasema nini? Nilikuwa nasema, Mungu, mimi nichukue, mtoto abaki. Nilikufanya mgane na wala sikukuuliza!"

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema, tena kwa sauti. Muulize mkunga. Kwa hiyo mimi niliombewa na wewe, yeye akaombewa na mimi. Nani hapa alitupwa?"

Mdogo wangu akamtazama kama mtu aliyetuliwa mzigo katikati ya njia na bado anatembea ameinama.

"Nilifikiri nikikwambia utaondoka," akasema.

"Nilikuwa naondoka kwa sababu huniambii!"

Mimi sikungoja wamalize. Nilimweka Bosi mikononi mwa baba yake. Mabega yakampanda mpaka masikioni, pumzi akaibana. Bosi akamkagua uso taratibu, kisha akakamata pua, akaivuta kwa uwezo wake wote. Mdogo wangu akacheka. Kicheko chake cha zamani, kile cha tumboni, ambacho nilikuwa nimeanza kusahau kinavyosikika.

"Na mimi je?" akauliza, pua bado imekamatwa. "Mimi niliombewa na nani?"

"Na mimi, mjinga wewe," nikasema. "Na mshike vizuri!"

Akamshika vizuri. Wakakaa hivyo hivyo sakafuni, yeye na mwanawe, wifi amemwegemea begani, mpaka Bosi akasinzia juu ya kifua cha baba yake na mdomo wazi. Nilivumilia nilivyoweza. Mwishowe nikanyoosha mikono nimpokee, maana nilimzoea na mikono ilikuwa inaniwasha.

Mdogo wangu akanigeuzia mgongo.

"Subiri zamu yako, dada," akasema. "Huyu simtoi."