Chokaa Jichoni mwa Mjomba

Mjomba alikuwa juu ya ngazi anapaka dari chokaa huku anaongea. Akipaka lazima aongee. Nimemwambia mara ngapi avae miwani ya kazi? Miwani iko mfukoni, eti isichafuke. Akainua uso kutafuta sehemu aliyoiruka, donge la chokaa likamdondokea jicho la kulia.

Hakupiga kelele. Alishuka taratibu, brashi mkononi, jicho kalifumba kama ngumi.

"Maji," nikasema. "Twende bombani."

"Simama hapo hapo," akasema Profesa. Huyu ndiye msimamizi wetu. Chuo hajakiona hata kwa nje, tunamwita hivyo kwa sababu hakuna jambo asilolijua. "Unataka kulichemsha jicho la mwenzako? Hujawahi kuona chokaa ikimwagiwa maji?"

Basi tukakwama hapo. Kila fundi pale alishaona: unamwaga maji kwenye mawe ya chokaa, pipa linatokota, hulisogelei. Wakaitikia wote, kweli, maji hapana. Mmoja akaenda kutafuta mafuta ya kula. Mwingine anasema apulizwe tu. Na Mjomba, mtu mzima na akili zake, akazidi kulibana jicho.

"Hii ilishachemka jana, tumeichemsha wenyewe," nikawaambia. "Mnayopaka hapo ni nini, si chokaa na maji?"

"Mwalimu mpya huyo," Profesa akasema. "Hivi uliishia darasa la ngapi?"

Wakacheka. Jicho la mtu linaungua, wao wanacheka. Niliishia la sita, haya. Lakini baada ya hapo nilikaa miaka miwili kwa fundi betri, na yule mzee alikuwa na sheria moja: tindikali au kitu chochote kikali kikiingia jichoni, maji kwanza, maswali baadaye. Mkibishana, jicho linaliwa.

Nikamkamata Mjomba kola, nikamburuta hadi uani.

"Niache bwana, mimi ni mjomba wako."

"Ndiyo maana nakuburuta. Angekuwa Profesa ningemwacha hapo hapo."

Nikamlaza kiubavu, jicho bovu upande wa chini ili maji yasikimbilie lile zima. Kope nikazitenganisha kwa vidole. Mpira wa maji nikaufungua kidogo, yatiririke tu, yasipige. Alinitukana mimi, akamtukana na shemeji yake, yaani baba yangu.

"Angalia juu. Chini. Zungusha jicho."

"Linauma, shetani wewe."

"Lizungushe likiuma."

Dakika ya tatu Profesa akatokea. "Inatosha, kazi imelala."

"Dakika ishirini, Profesa. Kama una haraka, panda ngazi upake mwenyewe."

Ishirini zilipoisha nikajaza chupa tatu, tukachukua pikipiki hadi zahanati, mimi nyuma namwagia njia nzima. Kufika, dada wa mapokezi hata kichwa hainui.

"Kaeni foleni."

"Ana chokaa jichoni, dada."

"Na hao wengine wamekuja kutembea?"

Sikubishana. Nimebishana asubuhi nzima. Nilimwinamisha Mjomba pale pale mbele ya dirisha lake, nikaendelea kumwaga. Maji yakatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya watu, mfagiaji akaanza kufoka, na kwa ile fujo muuguzi akatoka kuangalia kuna nini.

Akauliza neno moja tu: "Chokaa?" Akamvuta ndani. Aligeuza ukope wa juu, akatoa kwa pamba punje ambayo mimi sikuiona kabisa, kisha akaosha nusu saa nyingine. Ndipo akaliziba lile jicho zima kwa kiganja.

"Vidole vingapi, mzee?"

Mjomba akalikodoa lile bovu. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya watu wote mle ndani.

"Vitatu," akasema. "Vina ukungu."

Muuguzi akashusha pumzi. "Ungeletwa kavu, usingeona hata huo ukungu. Lakini halijapona. Mwende hospitali kwa daktari wa macho, sasa hivi."

"Sasa hivi?" Mjomba akasema. "Na dari nani atamalizia? Kesho haiwezekani?"

Karatasi ya rufaa nilipokea mimi, maana yeye angeitia mfukoni akarudi kazini.

"Inuka," nikamwambia.